Karoti tano ni tano: kwa wanaoingia maonesho ya mazao mara ya kwanza

Mwaka wangu wa kwanza kwenye maonesho ya mazao ya kata, huku Uru juu ya mji wa Moshi, nilibeba kabichi kubwa kama ngoma na karoti saba. Karatasi ya kamati ilitaka karoti tano. Nikajisemea hizo mbili ni nyongeza, nani atanikasirikia? Jaji alihesabu, akaandika kitu, akapita. Kabichi aliibonyeza kwa dole gumba, ikabonyea kama godoro. Nikarudi nyumbani na vyote.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kabla hamjawaza mbolea, someni karatasi. Ikisema tano ni tano. Na jaji hatafuti jitu. Anatafuta mboga zinazolingana: unene mmoja, urefu mmoja, rangi moja, bila kovu. Nyanya tano za wastani zilizofanana kama mapacha huiangusha nyanya moja ya ajabu na ndugu zake wanne wadogo.

Tarehe zihesabuni kinyumenyume. Karoti huchukua kama miezi mitatu, basi kwa maonesho yetu ya mwisho wa Julai, kabla ya Nane Nane, ninasia kuanzia katikati ya Aprili kwa mafungu matatu yanayopishana wiki moja. Masika yakiharibu fungu moja, lipo jingine. Kitunguu hakina huruma: wiki sita kitaluni, miezi mitatu hadi minne shambani, halafu muda wa kukauka. Ukikikumbuka Aprili, jiandae kwa mwakani.

Karoti usiipe samadi mbichi, itaota miguu kama suruali. Jiwe nalo huipasua hivyohivyo. Ipe tuta lililolimwa kwa kina, ambalo lilipata samadi msimu uliopita.

Kazi yenyewe iko usiku wa kuamkia siku ya maonesho. Ng'oa karoti ishirini ili upate tano. Mimi huzitandaza kwenye kanga sebuleni, mabega upande mmoja, kisha naanza kutoa: yenye bega la kijani, yenye ufa, iliyopinda. Zikibaki tisa ndipo uchungu unaanza, maana ile nzuri kuliko zote mara nyingi ndiyo inayotoka. Imezidi mno, inawafanya wenzake waonekane wamedumaa. Baba watoto hashindwi kusema: "Mama, hiyo ndiyo yenyewe!" Inaenda jikoni.

Osha kwa maji na kiganja tu. Dodoki huchuna ngozi, na asubuhi utakuta michirizi ya kahawia. Majani yakate yabaki kama vidole vinne, uyafunge kwa kamba ya mgomba.

Nyanya iende na kikonyo chake, lakini kiinue kwa ukucha uchungulie, kantangaze, yule kiwavi anayetoboa nyanya, hupenda kuingilia hapo. Wapo wanaozipaka mafuta zing'ae. Jaji akigusa tu anajua. Nilishawahi kuzipakia kwenye salfeti nyuma ya bodaboda, zikafika nusu mchuzi. Siku hizi nazipanga kwenye trei za mayai na kuzipakata mwenyewe. Mnafu, ile mboga ya majani, kata alfajiri, simamisha mashina kwenye ndoo ya maji, funika kwa jani la mgomba.

Ukipiga dawa, hesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kopo. Jaji anaweza kukuuliza ulipiga lini, na madoa meupe kwenye majani yatakujibia. Usithubutu kununua mboga soko la Mbuyuni ukasema ni za kwako. Afisa ugani anaijua bustani yako kuliko unavyodhani, na majirani ndio kabisa.

Majaji wakimaliza, usikimbilie nyumbani kununa. Mwaka wa pili nilimfuata mmoja: "Shikamoo mzee, karoti zangu zimekosa nini?" Akaomba kisu, akaikata moja katikati, akanionesha kiini kipana, cheupe, kigumu kama ukuni. Nje zilikuwa za kupendeza kweli. Nilikuwa nimeziacha ardhini wiki tatu zaidi nikizisubiri zinenepe.

Mwaka uliofuata nilizing'oa zikiwa na unene wa dole gumba la mkono wangu. Nikapata nafasi ya pili, na jembe jipya bila mpini.