Bomba linavuja ila maji hayaonekani

SWALI: Fundi habari, nipo Tabata, Dar. Presha ya maji mtaani imeshuka kama miezi miwili hivi, majirani nao wanalalamika, ila hakuna dimbwi wala tope popote. Juzi usiku wa manane wamekuja jamaa na chuma kirefu wanakiweka sikioni, sisi tukabaki kucheka. Ndo nini kile?

JIBU: Msicheke dada, kile ndo kipimo chenyewe. Maji yakipenya kwenye ufa kwa presha yanapiga kelele, ile ssss, na bomba la chuma linaisafirisha mbali, sa ukigusisha kile chuma kwenye valvu au mita unaisikia, ikizidi ujue umekaribia. Wanakuja saa nane hadi saa kumi usiku maana watu wamelala, magari machache, na mita kubwa ya eneo, ile inayopima maji yanayoingia mtaa mzima, inatakiwa iende taratibu sana, ikiwa bado inakimbia kuna maji yanaishia ardhini. Shida haya mabomba ya plastiki, sauti inafia njiani, hapo fundi anahangaika kweli. Na dimbwi usilisubiri, mchanga unakunywa yote.

Kwako anza na mita. Funga koki zote, ya tenki pia, kisha angalia kile kigurudumu kidogo kama dakika 10. Kikizunguka, panavuja upande wako na bili ni yako: lita 1 tu kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, mwezi kama uniti 43 (uniti moja ni lita 1,000). Kisipozunguka waachie wale wa chuma, ila usiku zimeni pampu jamani, wanashindwa kusikia.