Kabla Hujazilaumu Hedifoni Zako Zisizo na Waya

Upo wimbo mmoja ninaoutumia kujaribia kila kifaa kipya cha kusikilizia. Una gitaa moja na mwimbaji mmoja wa kike, basi. Kabla ya ubeti wa pili mwimbaji anavuta pumzi fupi, na nyuma ya pumzi hiyo kidole cha mpiga gitaa kinakwaruza uzi kikihamia noti nyingine. Kwa hedifoni zangu za zamani za waya niliyasikia hayo mawili kila siku. Nilipohamia kwenye hedifoni zisizo na waya, ambazo nilikuwa nimezidunduliza kwa miezi, pumzi ilitoweka. Besi nayo ilikuwa nyembamba, kama ngoma inayopigwa chumba cha pili.

Niliumia sana, na nusura nizirudishe dukani. Nashukuru sikufanya hivyo, maana hedifoni hazikuwa na kosa lolote. Kulitafuta kosa kulinichukua wiki kadhaa, kwa sababu nilianzia mwisho nikarudi nyuma. Naandika ili wewe kukuchukue jioni moja.

Anza kwa kuijua njia ambayo sauti hupita. Ukitumia waya, simu hufungua faili la muziki, huzigeuza tarakimu kuwa umeme na kuupeleka umeme huo masikioni. Bila waya, simu hulifungua faili, kisha huibana sauti upya kwa namna ambayo hedifoni zinaielewa na kuirusha hewani kama mawimbi ya redio. Hedifoni huipokea na kuifungua, na ndani yake kuna kigeuzi kidogo cha tarakimu pamoja na kikuza sauti chake. Kwa hiyo muziki unaousikiliza kwa Bluetooth kwa kawaida umebanwa mara mbili: kwanza na aliyetengeneza faili, kisha na simu yako. Na simu inayosifiwa kwa ubora wa tundu lake la waya haina la kukuongezea hapa, kwa kuwa tundu hilo halitumiki kabisa. Nimewaona watu wakinunua simu mpya kwa sifa hiyo huku wakiwa hawana hata hedifoni moja ya waya, na kila mara husikitika.

Mimi nilianzia pale ambapo kila mtu huanzia: kodeki. Hiyo ndiyo namna ya kubana sauti ambayo simu na hedifoni hukubaliana zinapounganishwa. Ya msingi ni SBC, ambayo kila kifaa cha muziki cha Bluetooth ya kawaida lazima kiijue. Katika mpangilio wake wa juu uliozoeleka hupitisha kilobiti 328 kwa sekunde, yaani kiasi cha data ya sauti kinachopita kila sekunde. CD, kwa kulinganisha, hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. Kuna AAC, ambayo ndiyo iPhone huitumia ikikutana na hedifoni zinazoijua. Kuna aptX yenye kilobiti 352, na ndugu yake aptX HD yenye 576. Kuna LDAC ya Sony, iliyotoka mwaka 2015 na kuingizwa ndani ya Android kuanzia toleo la 8.0 mwaka 2017, ambayo huenda kwa 330, 660 au 990 kulingana na hali ya mawasiliano. Halafu imekuja LC3, pamoja na mfumo mpya wa LE Audio uliotangazwa mwaka 2020. Hiyo imeundwa itoe sauti nzuri kwa kilobiti chache.

Kodeki haifanyi kazi mpaka simu na hedifoni zote ziijue. Zisipokuwa na nyingine ya pamoja, zinarudi kwenye SBC bila kukuambia. Hapo ndipo pesa za watu hupotea. iPhone haina LDAC wala aptX, hivyo mwenye iPhone anayelipa zaidi kwa hedifoni zenye LDAC amelipia kitu asichoweza kukitumia. Soma orodha ya kodeki za pande zote mbili kabla ya kununua, na usitosheke na maneno "ubora wa juu" yaliyoandikwa kwenye boksi.

Kwenye Android unaweza kuona kinachotumika. Unganisha hedifoni, fungua mipangilio ya Bluetooth, gusa alama ya gia pembeni ya jina la hedifoni, na simu nyingi zitakuonyesha swichi ya sauti ya ubora wa juu. Ukitaka kuingia ndani zaidi, nenda Kuhusu Simu, gusa Nambari ya Muundo mara 7, na chaguo za wasanidi programu zitafunguka. Humo utakuta Kodeki ya Sauti ya Bluetooth. Usiguse mengine usiyoyajua, yapo yanayoweza kukuvurugia simu. Angalia pia programu ya mtengenezaji wa hedifoni: za kwangu zilikuja zimepangwa kutanguliza uthabiti wa mawasiliano kuliko ubora wa sauti, na LDAC ilikuwa imelala muda wote huo. Hedifoni nyingine huizima zinapounganishwa na vifaa viwili kwa pamoja.

Nikaiwasha LDAC kwa 990, nikaketi, nikafumba macho. Cheche za matoazi zilikuwa safi zaidi, lakini ile pumzi bado haikuwepo. Nilipotoka kutembea, simu ikiwa mfuko wa nyuma wa suruali, sauti ikaanza kukatika kila baada ya hatua chache.

Baadaye nilimwomba mdogo wangu anibadilishie kodeki bila kunionyesha skrini, nikawa nabahatisha. SBC dhidi ya LDAC niliitambua mara nyingi, hasa kwenye matoazi na makofi ya hadhira. LDAC ya 660 dhidi ya 990 sikuitambua kabisa. Tangu siku ile naiacha kwenye 660, au naiacha simu ichague yenyewe, na sijaikosa 990 hata mara moja. Kwa masikio yangu kodeki ina mchango, ila mdogo kuliko unavyosimuliwa. Ukishatoka SBC umepata sehemu kubwa ya faida yake, na mwenye AAC kwenye iPhone asijione amepungukiwa.

Pumzi niliipata mahali ambapo sikuwa nimeangalia. Miezi mingi nyuma nilikuwa nimewasha hali ya kubana matumizi ya data ndani ya programu ya muziki, nikasahau. Nilikuwa namvika mgonjwa nguo nzuri. Chukua mfano wa Spotify: daraja lake la chini ni kama kilobiti 24 kwa sekunde, la juu kabisa la muziki uliobanwa ni 320. Kwa kilobiti 24, sauti za juu hukatwa ili nyingine zipate nafasi, na pumzi ya mwimbaji pamoja na mkwaruzo wa uzi huishi huko huko juu. Hakuna kodeki inayoweza kurudisha kilichokwisha kutupwa. Ndiyo maana hata kugeuza faili la MP3 la zamani kuwa FLAC, aina ya faili isiyotupa sehemu yoyote ya sauti, hakusaidii kitu. Unapata faili zito lenye upungufu ule ule.

Kwa hiyo ningekuomba uanzie hapo. Fungua mipangilio ya programu yako ya muziki utafute ubora wa sauti. Mara nyingi kuna sehemu tatu tofauti: ya Wi-Fi, ya data ya simu, na ya nyimbo unazopakua. Watu hubadili ya kwanza wakadhani wamemaliza. Mimi huweka upakuaji kwenye daraja la juu kabisa, napakua nikiwa kwenye Wi-Fi, kisha natembea na nyimbo zangu bila kuhangaika na mtandao. Neno "otomatiki" siliamini. Mtandao ukiyumba kidogo, ubora hushuka na hakuna atakayekuarifu. Angalia vilevile kama kuna swichi ya kusawazisha ukubwa wa sauti kati ya wimbo na wimbo. Ikiwekwa kwenye kiwango cha "kubwa" inaweza kuminya tofauti kati ya penye utulivu na penye mshindo, na kwangu mimi tofauti hiyo ni nusu ya utamu.

Muziki usiobanwa kwa hasara, yaani bila kutupwa sehemu yoyote ya sauti, je? Apple Music wanao tangu 2021, wengine wanao pia. Ni mzuri kuanzia nao, kwa sababu sauti haibanwi kwa hasara ila mara moja tu, ile ya Bluetooth. Lakini hauwezi kukufikia mzima kwa kodeki nilizozitaja, njia ni nyembamba mno. Usiulipie ukitarajia muujiza kwenye hedifoni zisizo na waya.

Pumzi ikarudi. Besi bado.

Hili la besi ndilo ninalotamani kila mwenye hedifoni za kuchomeka masikioni alijue. Nilikuwa nimepandisha besi kwenye ikwalaiza, yaani vidhibiti vya sauti za chini, za kati na za juu, mpaka sauti ya mwimbaji ikawa na matope. Siku moja, nikiwa nimeshika kikombe kwa mkono mmoja, nikasukuma hedifoni ya sikio la kushoto kwa kidole, na ghafla gitaa la besi likajaa kichwani. Nikaachia, likaondoka. Vipira laini vya kuziba tundu la sikio vilikuwa vidogo kwa sikio langu, hewa inapita pembeni, na besi inatoka nayo. Sauti za chini zinahitaji hewa iliyofungiwa kati ya kispika na ngoma ya sikio. Penye upenyo mdogo tu, hizo ndizo za kwanza kupotea.

Kwenye boksi huwa kuna vipira vya saizi tatu au zaidi, na wengi hatuvigusi. Vijaribu vyote. Masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kutofautiana. Mimi natumia saizi ya kati kulia na kubwa kushoto. Ingiza hedifoni ukiizungusha kidogo, na sikio livute juu na nyuma kwa mkono mwingine ili njia inyooke. Ukiongea ukaisikia sauti yako ikivuma ndani ya kichwa, pameziba vizuri. Kwa hedifoni za kufunika sikio, angalia miguu ya miwani na nywele zinazoinua mto. Vipira visipokaa sawa, hata uzuiaji kelele hupungua nguvu, nawe utapandisha sauti kuifidia.

Tukiwa hapo hapo masikioni: chungulia wavu mdogo wa kutolea sauti. Nta ikiuziba, sauti za juu hufifia, mara nyingi upande mmoja tu, na mtu hudhani spika imekufa. Uelekeze wavu chini, usugue taratibu kwa brashi laini kavu. Usitumie sindano wala maji.

Kuna tatizo jingine ambalo hutisha watu bila sababu. Unasikiliza muziki, unajiunga na mazungumzo ya sauti, au mchezo unawasha maikrofoni, na papo hapo muziki unageuka kuwa wa redio ya zamani. Hakuna kilichoharibika. Katika Bluetooth ya kawaida, muziki na mazungumzo ya simu hupita kwa njia mbili tofauti, na njia ya mazungumzo ni nyembamba: kwa kawaida sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 au 16,000 kwa sekunde, mono, yaani bila kutenganisha kushoto na kulia, wakati CD ina 44,100 kwa kila upande. Maikrofoni ya hedifoni ikiwashwa, vyote huhamia huko. Funga programu inayoshikilia maikrofoni, au chagua maikrofoni ya simu yenyewe pale programu inaporuhusu. Kama hedifoni zimeunganishwa na kompyuta pia, huenda kompyuta ndiyo iliyoishika.

Kuhusu kukatika kwa sauti: Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo Wi-Fi nyingi na oveni za maikrowevu huyatumia pia. Ili kukwepa msongamano, Bluetooth ya kawaida huruka kati ya chaneli 79 hadi mara 1,600 kwa sekunde, jambo ambalo mimi bado hunistaajabisha. Lakini haiwezi kukwepa mwili wako, maana mwili una maji mengi na maji humeza mawimbi hayo. Toa simu mfuko wa nyuma, iweke mbele au mfuko wa kifuani, upande wa hedifoni inayoongoza kama unaujua. Nyumbani, hamishia simu kwenye Wi-Fi ya gigahezi 5. Mimi hayo mawili yalimaliza kukatika kote, isipokuwa kwenye vituo vya usafiri vyenye watu wengi, na huko nashusha LDAC bila kinyongo.

Ikwalaiza niliirudia mwishoni kabisa, vipira vikiwa mahali pake. Nikafuta yote niliyokuwa nimeyapandisha. Siku hizi nikitaka besi isikike zaidi, nashusha kidogo sauti za kati na za juu badala ya kuipandisha yenyewe, kwa sababu kupandisha sana huleta mikwaruzo pale wimbo unaposhika kasi.

Na ukubwa wa sauti umeshuka wenyewe. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na simu nyingi sasa zinaweza kukuonyesha kipimo hicho kwenye mipangilio ya afya au ya sauti. Zamani nilikuwa napitisha robo tatu ya kiwango nikitafuta besi iliyokuwa ikivujia pembeni ya sikio. Jana usiku niliusikiliza ule wimbo chini ya nusu, dirisha likiwa wazi, na pumzi kabla ya ubeti wa pili niliisikia, na mkwaruzo wa uzi nyuma yake.