Kanigonga mimi au kagonga gari?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Juzi jamaa kaligusa gari langu kwa nyuma, nikashuka nafoka "umenigonga!", wakati mwilini sina hata mkwaruzo, mke wangu kanicheka mpaka leo. Halafu miwani, nikishaivua bado kidole kinapanda puani kuisukuma. Niko sawa kweli?

JIBU: Uko sawa kabisa ndugu yangu, hakuna mtu anashuka akasema "umeligonga gari ambalo mimi nimo ndani yake". Ubongo una ramani ya mwili na hiyo ramani haiishii kwenye ngozi. Madaktari wawili wa London, Henry Head na Gordon Holmes, waliligusia hili tangu 1911, wakasema mwanamke aliyevaa kofia yenye unyoya, ramani yake inaweza kufika mpaka kwenye unyoya wenyewe.

Ila utamu uko kwa nyani. Mwaka 1996 Atsushi Iriki na wenzake huko Japani waliwafundisha nyani kuvuta chakula kwa reki, wakakuta seli za ubongo ambazo kawaida zinashtuka kitu kikionekana karibu na mkono, sasa zinashtuka hata kikiwa karibu na reki. Nyani akiishika tu bila kuitumia, hamna kitu! Yaani kumiliki hakutoshi, lazima kitu kifanye kazi na wewe, na gari unaliendesha kila siku, unajua kona inakatwa wapi bila kupima.

Kuna na lile jaribio la mkono bandia wa mpira, la watafiti Botvinick na Cohen, 1998. Mkono wako unafichwa, wa mpira unawekwa mbele yako, yote miwili inapapaswa kwa brashi kwa pamoja, baada ya muda unahisi brashi iko kwenye mpira, lakini brashi zisipogusa kwa wakati mmoja ile hisia inafifia. Macho na ngozi vikikubaliana, ubongo hauulizi cheti.

Ya miwani mi naona ni mazoea ya kidole tu, nisikudanganye.

Na siku ukinunua gari kubwa kuliko hilo, wiki ya kwanza paki taratibu, maana kichwani bado utakuwa na upana wa la zamani na ukuta haujui hayo.