Ukifungua mpango wa taifa, uliza tarakimu inamfunga nani

Wanaoanza kusoma upangaji wa uchumi hukimbilia kubishana kama soko ni bora kuliko serikali. Ubishi huo uweke kando kwanza. Chukua tarakimu moja ndani ya mpango, tuseme uzalishaji wa chuma, uulize: inamfunga nani, na asipoifikia atafanywa nini?

Katika Umoja wa Kisovyeti ilimfunga meneja wa kiwanda. Gosplan, ofisi kuu ya mipango iliyoundwa mwaka 1921, ilitengeneza mizania ya kila bidhaa kubwa: upande mmoja kitakachozalishwa, kilichomo ghalani na kitakachoagizwa nje, upande wa pili wote wanaokihitaji. Shida ni kwamba ukisawazisha mizania moja unavuruga nyingine. Shika kalamu. Kila kizio cha chuma kinakula vizio 0.3 vya umeme, na kila kizio cha umeme kinakula 0.2 vya chuma. Nchi inataka chuma 100 cha matumizi ya mwisho. Mgeni wa kazi huandika umeme 30 akafunga daftari. Lakini umeme huo 30 unadai chuma 6, chuma hicho kinadai umeme 1.8, nao unadai chuma 0.36. Ukifika mwisho wa mnyororo unapata chuma karibu 106.4 na umeme karibu 31.9. Jedwali la mchumi Wassily Leontief, aliyepata Nobel mwaka 1973, huandika kila sekta inakula nini kutoka sekta nyingine, na hesabu yake humaliza mizunguko yote kwa mpigo. Lifanye kwa mkono kabla ya kugusa programu ya kompyuta. Gosplan, yenye mamia ya mizania, iliishia mizunguko michache, na pengo lililobaki mara nyingi likaangukia viwanda vya bidhaa za wananchi.

Tazama pia kipimo. Lengo la mabati likiwa kwa tani, yatatoka mazito kupita kiasi. Likiwa kwa mita za mraba, yatatoka membamba. Na meneja akijua kwamba kuvuka lengo kutampandishia lengo la mwakani, ataficha uwezo wake.

Ufaransa, tangu 1946 chini ya Jean Monnet, mkuu wa ofisi yake ya mipango, ilifuata mpango elekezi: waajiri, vyama vya wafanyakazi na maofisa walikaa kwenye kamati za sekta wakapatana matarajio. Neno “elekezi” lisikulaze. Serikali ilishika mikopo mingi, na mwekezaji alijua hivyo. Korea Kusini ilikaza zaidi: benki zilitaifishwa mwaka 1961, mpango wa kwanza ukaanza 1962, na mkopo nafuu ukamfuata anayeuza nje. Kwangu mauzo ya nje ndiyo kipimo kigumu kuchezea, maana mnunuzi wa ng’ambo halipii mabati mabovu.

Ukikutana na lengo la ukuaji, lipime haraka: kasi ya 7%, kila ongezeko 1 la pato likihitaji mtaji 4, maana yake uwekezaji wa 28% ya pato la taifa. Akiba ikiwa 18%, tafuta ukurasa unaosema asilimia 10 zilizobaki zitatoka wapi. Mara nyingi ukurasa huo haupo.

Mpango wa 11 wa China (2006–2010) ulijibu swali letu waziwazi: ukuaji wa pato uliandikwa kama matarajio, lakini kupunguza nishati inayotumika kwa kila kizio cha pato, kwa takriban 20%, kukawa sharti kwa maofisa. Mwaka 2010, muda ulipokaribia kwisha, baadhi ya serikali za mitaa zilivikatia viwanda umeme ili tarakimu itimie.