Sauti Itokee Wapi? Majibu kwa wasomaji kuhusu muziki na sauti za jukwaani

Barua za mwezi huu zimetoka shuleni, mjini, kisiwani na kanisani. Zote zinahusu tamthilia, na zote zinahusu kusikika. Mimi ni fundi sauti na mtunzi wa muziki wa maigizo hapa Bagamoyo, na nimefurahi kuona vijana wengi wanalishughulikia sikio la mtazamaji na si jicho lake tu.

Shikamoo mwalimu. Shuleni kwetu tunaandaa tamthilia ya Kinjeketile. Nimepakua sauti za mto, radi na ngoma, nazipiga kwa kompyuta kupitia spika mbili kubwa. Mwongozaji wetu anataka muziki usikatike mwanzo mpaka mwisho. Waigizaji wanalalamika hawasikiki. Nikipunguza, mwongozaji hafurahi. Nikiongeza, waigizaji wananuna. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Songea*

Marahaba mwanangu. Tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Kinjeketile, mganga wa Maji Maji, iliyotoka mwaka 1969, kuigizwa Songea, mji uliopoteza watu wake wengi kwenye Vita vya Maji Maji, ni jambo zito. Inastahili sauti iliyofikiriwa.

Tuanze na mto. Maji yanayotiririka yanatoa sauti nene na nyembamba kwa wakati mmoja, karibu kwenye masafa yote ambayo sikio linayapokea. Maneno ya mwigizaji nayo yanatambulika hasa kwa konsonanti, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kati ya herzi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 4,000. Mto wako umekaa papo hapo. Ndiyo maana mwigizaji anapaza sauti, watu wa nyuma wanasikia kelele ya mtu, lakini neno hawalipati. Kuupunguza mto wote si dawa. Fungua kichujio cha sauti kwenye programu yako, punguza eneo hilo peke yake kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 6 hivi, uache uzito wa chini. Mto utabaki mto, na maneno yatapita.

Kisha hizo spika. Nadhani umeziweka pembeni mwa jukwaa zikiwatazama watu. Hapo mto unapita mapajani mwa watazamaji, wakati Kinjeketile anauendea upande mwingine kabisa. Chukua spika moja, iweke sakafuni nyuma ya pazia, uigeuzie ukuta wa nyuma. Sauti itagonga ukuta, itapoteza ukali wake, na itawafikia watu ikitoka kule kule wanakotazama waigizaji. Kwangu hili ndilo la kwanza kwenye kazi yote hii: kabla ya kuuliza sauti iwe kubwa kiasi gani, uliza inatoka wapi na nani anaisikia. Mhusika akisikia mto upande wa kulia na mtazamaji akausikia kushoto, tumewatenganisha watu wawili waliokuja kukutana.

Ngoma za kupakua ziache. Songea haikosi wapigaji. Weka kijana mmoja na ngoma kubwa nyuma ya jukwaa, amtazame mwigizaji, apumue naye. Kompyuta haijui kwamba leo mwigizaji amechelewa kugeuka. Tafuta pia kayamba mbili. Zikiinamishwa polepole upande huu na upande ule, zile mbegu zinavyoteremka zinatoa wimbi na mvua ambavyo hakuna simu iliyowahi kuvirekodi vizuri namna hiyo. Kwa radi, ning'iniza bati bapa la urefu wa mita mbili, mtu alishike chini alitikise. Mafundi wa jukwaa wamelitumia kwa miaka mingi sana kwa sababu linafanya kazi.

Na mwongozaji wako? Muziki usiokatika, baada ya dakika chache, hausikiki tena kama muziki. Sikio linauzoea kama linavyozoea feni, na pale unapouhitaji kweli unakuta umeshautumia wote. Masimulizi ya Maji Maji yanasema Kinjeketile alipotoka majini nguo zake zilikuwa kavu. Hebu fikiria hilo kwa sikio: mtu anatoka mtoni na hakuna tone hata moja linaloanguka. Ukikata mto sekunde kumi kabla hajatokea, ukakata na ngoma, watu watasikia miguu mikavu ikikanyaga mbao, na muujiza utakuwa umesikika. Ukiacha mto unanguruma, umeufunika. Mwombe mwongozaji akae safu ya mwisho, mwonyeshe tukio hilo kwa namna zote mbili, halafu mwache aamue yeye. Usibishane naye kwa maneno.

Dada, tunataka kutumia wimbo wa zamani wa bendi maarufu kwenye igizo letu. Kuna aliyetuambia kwamba sekunde 30 si kosa. Ni kweli?
*Msanii, Nairobi*

Si kweli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haina kipimo cha sekunde. Haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na rekodi yenyewe ina mwenyewe, ambaye mara nyingi si yule mtunzi. Kwa hiyo unatafuta ruhusa mbili. Pa kuanzia kuuliza ni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya; wenzenu wa Tanzania Bara wana COSOTA, ofisi yao ya hakimiliki. Lakini kama ndani ya kikundi kuna hata mmoja anayegusa gitaa, mpeni yeye tukio hilo atunge. Wimbo maarufu unaingia jukwaani na kumbukumbu za kila mtu: huyu anakumbuka harusi yake, yule msiba, na igizo lenu linabaki limesimama pembeni.

Assalamu aleikum. Tunaandaa onyesho ndani ya nyumba ya zamani Mji Mkongwe. Watazamaji hawatakaa; watatembea chumba hadi chumba, na kila chumba kina kisa chake na muziki wake. Tatizo, taarabu ya sebuleni inaingia chumba cha juu ambako kuna mama mgonjwa. Tumejaribu kuziba kwa mapazia, wapi! Mmoja wetu anasema tuwape watu hedifoni. Tunaomba ushauri.
*Kikundi cha vijana, Unguja*

Waaleikum salaam. Barua yenu nimeisoma mara nyingi kuliko zote, kwa sababu kazi ya namna hii ndiyo ninayoipenda zaidi.

Kuta za nyumba hizo za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, nazo zinazuia mengi. Sauti yenu haipiti ukutani. Inapita ngazini, milangoni, na kwenye uwazi wa ua wa ndani. Mmoja apige makofi sebuleni, mwingine atembee nyumba nzima akiandika anaposikia. Mtaijua njia yake kabla ya magharibi. Pazia jepesi halizuii kitu. Mlango wa mbao uliofungwa na godoro zito nyuma yake vinazuia.

Jambo la pili ni umbo la vyumba. Vyumba vya kale ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana unafuata urefu wa boriti za mikoko, mara nyingi chini ya mita tatu. Kati ya kuta mbili ngumu zilizotengana hivyo, sauti nzito ya karibu herzi 60 inavimba na kuvuma yenyewe. Kwa hiyo spika kubwa yenye besi msiilete humo. Tumieni spika ndogo nyingi, zifichwe kabatini, chini ya kitanda, ndani ya sanduku la mbao. Kila mnapomsogeza msikilizaji nusu ya umbali kuelekea spika, mnapata kama desibeli 6 bure. Basi punguzeni sauti na msogezeni mtu. Anayeinama sandukuni kusikia ana umakini ambao hamwezi kuupata kwa kelele.

Sasa hiyo taarabu inayovuja. Nawasihi msiimalize yote. Mtungaji wenu achague maqamu moja, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu, kwa nyumba nzima, ile iitwayo Bayati kwa mfano, na mwendo mmoja, ili muziki wa chumba chochote ukikutana na wa chumba kingine vikubaliane. Kisha sikilizeni tena chumba cha mgonjwa. Kuna mama anayekufa, na chini kuna udi na fidla za watu wanaosherehekea. Nani wa Unguja hajawahi kukaa na mgonjwa huku jirani ana harusi? Mlichokiona ni kasoro mimi nakiona ni tukio zuri kuliko yote mliyonieleza. Fungueni mlango kidogo pale mama anapomtaja mumewe, mfunge anapolala. Muziki huo huo pia utawaongoza watu: sikio likishavutwa na ngazi, miguu inafuata, na hamhitaji mtu wa kuwaonyesha njia.

Hedifoni zina nguvu yake. Mwaka 2015 kundi la Complicité la Uingereza lilionyesha *The Encounter*, ambapo kila mtazamaji alivaa hedifoni, na sauti zilinaswa kwa maikrofoni yenye umbo la kichwa cha mtu na masikio yake mawili. Sauti ya pembeni inafika sikio moja mapema kuliko jingine, tofauti isiyofika hata milisekunde moja, na ubongo unaitumia kujua mtu amesimama wapi. Lakini kule watu walikuwa wamekaa. Kwenye nyumba yenu hedifoni zitamtenga kila mtu na mwenzake, zitaziba ile harusi ya chini, na zile za Bluetooth zinachelewesha sauti kiasi cha midomo kuachana na maneno. Mimi nisingezitumia.

Pangeni muda wa onyesho kwa kuzingatia adhana. Misikiti iko karibu, na hakuna spika yenu inayopaswa kushindana nayo. Ikiwa kipindi kinaangukia isha, mwigizaji anyamaze, kama angefanya nyumbani kwake.

Bwana asifiwe. Kwenye igizo letu la Pasaka tumefunga spika za ziada katikati ya ukumbi ili walio nyuma wasikie. Sasa wanasikia neno mara mbili, na wanasema Petro anaongea darini.
*Mwalimu wa kwaya, Mwanza*

Amina. Sauti inasafiri kama mita 350 kwa sekunde kwenye joto letu, lakini kwenye waya inafika papo hapo. Ikiwa spika zenu za katikati ziko mita 14 kutoka jukwaani, zinasema neno milisekunde 40 kabla sauti ya Petro haijafika hapo. Sikio huamini upande uliotangulia. Mtafiti wa sauti Helmut Haas alilipima jambo hili mwaka 1949. Kwa hiyo cheleweshe spika hizo. Miksa (mashine za kuchanganya sauti) nyingi za kidijitali zina sehemu ya kuweka milisekunde. Weka 50, yaani zile 40 za safari na 10 za kuzidi kidogo. Kama miksa yenu ni ya zamani na haina, azima kifaa kidogo cha kuchelewesha sauti kutoka kwa bendi yoyote mjini.

Halafu mtu mmoja asimame chini ya spika, afumbe macho, anyooshe kidole anakomsikia Petro. Akionyesha dari, ongeza milisekunde tano au punguza nguvu ya spika hiyo. Akionyesha jukwaa, bandika karatasi kwenye miksa kwamba hapo pasiguswe mpaka Jumatatu ya Pasaka.