Tetere watatu wenye pete moja

SWALI: Shikamoo Bibi. Tetere ninaowaona karibu wote ni wa kijivu, na wote wana pete nyeusi nyuma ya shingo. Rafiki yangu anashikilia kwamba hao ni aina tatu tofauti, lakini mimi naona ndege mmoja tu. Nitawatambuaje? Halafu kuna mwingine mdogo asiye na pete kabisa. Je, huyo ni kinda?

JIBU: Marahaba mwanangu. Rafiki yako yuko sahihi. Katika sehemu nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika, wapo tetere watatu wenye pete hiyo, na mahali pengine huishi jirani kabisa. Wewe umeitazama sana pete, nayo ndiyo kitu pekee wanachofanana wote. Iache kwanza, ufumbe macho usikilize.

Yule wa kawaida zaidi, Streptopelia capicola, ana sauti ya mapigo matatu, na la katikati ndilo lenye mkazo: ku-KUUU-ru, ku-KUUU-ru. Huirudia bila kupumzika, mpaka unajikuta unaitikia kichwani. Ukihesabu mapigo sita, huyo ni Streptopelia semitorquata, tetere mwenye macho mekundu. Mawili ya mwanzo hutoka polepole, kisha manne hufuata kwa haraka kidogo: kuu-kuu, ku-ku-ku-ku. Sauti yake ni nzito, na mara nyingi hutoka juu ya mti mrefu wenye majani mengi. Wa tatu, Streptopelia decipiens, hakuna haja ya kumhesabia. Yeye hukoroma, krrrrruuu, sauti ikishuka mwishoni, kama mtu anayesukutua maji kooni. Hata anapotua tawini hutoa mkoromo huo. Ukishaijua sauti hiyo hutaisahau, na kwangu mimi ni ya kupendeza kuliko zote tatu.

Akinyamaza, nenda kwenye jicho. La capicola ni jeusi tupu, halina duara lolote la rangi kulizunguka, ndiyo maana uso wake huonekana mpole. Semitorquata ana jicho jekundu lililozungukwa na ngozi nyekundu, paji la uso limepauka, na kifua kina rangi ya waridi iliyokolea. Tena ni mkubwa: hufikia sentimita 30 na zaidi, wakati capicola ana kama sentimita 26. Decipiens naye ana jicho la manjano hafifu ndani ya duara jekundu, na kichwa cha kijivu. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu kwa mbali wekundu ndio unaoonekana kwanza. Tafuta ule umanjano wa ndani kabla hujaandika jina daftarini.

Wakiruka, tazama mkia. Capicola na decipiens wana weupe kwenye ncha za pembeni, na hung'aa wanapoutandaza ili watue. Semitorquata hana weupe huo: mkia wake una mkanda mweusi, kisha ncha yenye rangi ya udongo uliopauka.

Ukubwa usiutegemee peke yake, labda wawe wamesimama bega kwa bega. Ndege aliyejitunisha manyoya asubuhi ya baridi humdanganya yeyote.

Na huyo mdogo asiye na pete? Nadhani ni Spilopelia senegalensis. Mtazame kifuani: kama kuna madoa madogo meusi juu ya rangi ya kutu, na bawani kuna baka la kijivu cha samawati, basi ni ndege mzima wa aina nyingine kabisa. Sauti yake ni kicheko cha chinichini cha mapigo matano au sita. Hata hivyo swali lako la kinda ni la maana, kwani makinda wa wale watatu huwa na pete hafifu sana, au hawana. Ila kifuani hawana madoa hayo.