Kinga imara haimtoshi mchinja kuku wagonjwa

Dada wa Pasua, pole kwa kuku. Umeuliza kama mwanao wa miaka 22, asiyeugua ovyo, anaweza kuwachinja hao wanaokufa bandani kwa kuwa kinga yake ni imara. Hapana, mwambie aache leo.

Kama ni mafua makali ya ndege, H5N1, kirusi huzama hadi vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu. Seli za kinga humwaga saitokini, kemikali za kuitana vitani. Kwa mgonjwa mahututi mbiu hiyo haikomi: mishipa midogo huvuja, vifuko hujaa maji, pumzi hukatika. Na limfosaiti, askari wenyewe wa kuwasaka virusi, hupungua kwenye damu! Hong Kong mwaka 1997 waliugua watu 18 wakafa 6, mmoja mtoto wa miaka 3.

Upanga wa kichwani mwa kuku kugeuka zambarau, ulivyoeleza, hakutoshi kujua; hata mdondo, ugonjwa mwingine wa kuku, huua banda zima. Mwite afisa mifugo wa kata. Kijana akipata homa, wahini hospitali ya Mawenzi au KCMC, na mtaje kuku mlangoni kabisa: oseltamivir, dawa ya virusi vya mafua, hufaa zaidi ndani ya siku 2 za mwanzo.